Mtoto anahangaika kusoma: mwongozo kamili wa kutambua dalili za disleksia

Mtoto wa darasa la pili anasimama mbele ya wenzake, anashika kitabu na kusoma ukurasa mzima bila kukosea. Mwalimu anampongeza. Baadaye funika picha, mwoneshe neno moja tu la katikati ya ukurasa uleule, tuseme "kikapu", naye anakaa kimya. Ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa masikio.

Watoto wa namna hii wapo karibu kila shule. Wengi huitwa wavivu, wazito au watundu, wanachapwa, wanakaririshwa darasa, mwisho wanaacha shule. Baadhi yao wana disleksia: ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, unaotokana na namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Mtoto huzaliwa na hali hiyo. Haitokani na malezi mabaya wala upungufu wa akili. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya watoto 100, watano hadi 10 wanayo kwa kiwango fulani. Maana yake ni kwamba darasa la watoto 80 linaweza kuwa nao wanne hadi wanane, na mwalimu asijue hata mmoja.

Nawaandikia wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya chini. Uthibitisho hutolewa na mtaalamu, lakini mtaalamu hawezi kufanya kazi bila ushahidi, na ushahidi unakusanywa nyumbani na darasani na mtu anayemjua mtoto. Chukua daftari dogo, andika umri wa mtoto, darasa lake na tarehe. Kila utakachokiona katika hatua zifuatazo kiandike humo siku hiyohiyo.

Kuhusu umri: kabla ya miaka 6 tunazungumzia viashiria tu. Mtoto wa chekechea anayegeuza b ikawa d hana tatizo lolote. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida hadi karibu miaka 7, na watu wengi huitazama dalili hiyo moja wakaziacha zenye uzito zaidi. Anza kuwa makini pale mtoto amefundishwa kwa mwaka mzima, anahudhuria shule, na bado herufi hazikai.

Hatua ya 1: Ondoa kwanza sababu nyingine

Anza na macho. Mtoto asiyeona ubao husogeza uso kwenye daftari, hukunja macho, hunakili kwa kumtazama jirani. Mpeleke apimwe kwenye hospitali yenye huduma ya macho. Disleksia si ugonjwa wa macho, ila mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo akipewa miwani endelea kumfuatilia.

Masikio yanasahaulika zaidi. Mtoto ambaye sikio lilikuwa likitoa usaha mara kwa mara akiwa na miaka miwili au mitatu huenda alipitia miezi mingi akisikia nusunusu, wakati uleule ambao sauti za lugha hujengeka. Simama nyuma yake hatua chache, asikuone mdomo, tamka kwa sauti ya chini: "bata", "pata", "kata", "fua", "vua". Ayarudie moja moja. Akichanganya mara nyingi, apimwe usikivu kabla hujaendelea na lolote.

Kumbuka pia maradhi aliyopitia. Malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, degedege za kujirudia, kuzaliwa njiti au kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa vinaweza kuacha athari kwenye kumbukumbu na lugha. Daktari anahitaji kuyajua haya. Kuna pia kifafa cha kuzubaa: mtoto anakatika ghafla kwa sekunde chache, macho yanaganda, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Darasani huonekana hasikilizi. Hali hiyo ina dawa, na ni hasara kubwa kuikosa.

Sababu inayofuata inauma kuisema. Kwetu, sababu ya kawaida zaidi ya mtoto kutojua kusoma ni kwamba hajafundishwa vya kutosha. Muulize mwalimu kwa upole akuoneshe daftari la mahudhurio. Mtoto aliyekosa shule siku moja au mbili kila wiki, aliyehama mara mbili mwaka mmoja, au anayekaa nyuma kabisa katika darasa la watoto 120, anaweza kuonekana ana disleksia kumbe ana njaa ya mafundisho tu. Ulizia wenzake pia. Ikiwa nusu ya darasa hawasomi, tatizo la kwanza ni la darasa. Dalili inapata uzito pale ambapo wenzake waliokaa naye dawati moja, kwa mwalimu yuleyule, wamepiga hatua na yeye amebaki.

Mwisho ni lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kimaasai au Kimakonde akaanza shule kwa Kiswahili, au wa Kiswahili aliyepelekwa shule ya Kiingereza, ana mzigo wa kujifunza lugha na kusoma kwa pamoja. Kwa hiyo michezo ya sauti nitakayoieleza hapa chini ifanyeni katika lugha anayoiota usiku. Mtoto ambaye shida yake ni ugeni wa lugha, kwenye lugha ya kwao anacheza na sauti bila taabu.

Hatua ya 2: Uliza habari za nyuma na za ukoo

Kaa na bibi au mama mkubwa aliyemlea. Alianza kusema lini? Alichanganya silabi hadi umri gani, akisema "kabati" kama "bakati" wakati wenzake wameshaacha? Alishika nyimbo za michezo, siku za wiki, majina ya rangi? Watoto wengi wenye disleksia walichelewa kidogo kusema au wanahangaika kupata neno wanalolijua: "nipe kile, kile cha kuchotea, kile..." na neno "kata" haliji.

Halafu uliza habari za ukoo, na hapa inahitajika busara. Disleksia hurithiwa sana. Mzazi mmoja akiwa nayo, mtoto mmoja kati ya wawili au watatu huwa nayo pia. Tatizo ni kwamba kizazi cha wazazi wetu hakikuwahi kupimwa. Kwa hiyo usiulize nani ana disleksia. Uliza: nani katika familia alikuwa hodari wa kazi za mikono au biashara lakini shule "haikumpenda"? Nani hadi leo anampa mwenzake amsomee ujumbe wa simu? Baba wengi hukaa kimya hapa kwa aibu. Mwambie kwamba jibu lake linaweza kumwokoa mtoto na viboko ambavyo yeye alivipata bila kosa.

Hatua ya 3: Mtoe kwenye kiitikio

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu ya namna tunavyofundisha. Mwalimu anagusa ubao kwa fimbo, darasa zima linaitikia "ba, be, bi, bo, bu". Mtoto mwenye disleksia anaitikia pamoja na wenzake, pengine kwa sauti kubwa kuliko wote. Mpangilio ni uleule kila siku, kwa hiyo hahitaji kutazama ubao. Anaweza kupita darasa la kwanza lote hivyo bila yeyote kugundua.

Tafuta sehemu tulivu, asubuhi au baada ya kula, ndugu zake wasiwepo. Mwambie mnacheza, usimwambie unampima.

Andika silabi kwenye vipande vya karatasi na uzichanganye: mo, ki, bu, ta, le, ne, su, po. Mwoneshe moja moja. Mtoto wa katikati ya darasa la pili anatakiwa azitambue karibu zote bila kusita. Angalia kama anaanza kunong'ona "ma, me, mi, mo" ili aifikie "mo". Hiyo ni dalili nzuri sana kwako mpimaji: wimbo anaujua, herufi haijui.

Kisha mpe maneno asiyoweza kuwa ameyakariri, kwa sababu hayapo: "nebuto", "fikamu", "gazovi", "tulepa". Mwambie ni majina ya wanyama wa hadithi. Msomaji wa kawaida huyasoma polepole lakini sawasawa, maana Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mwenye disleksia atakwama, ataacha silabi, au atageuza kuwa neno analolijua: "nebuto" inakuwa "mbuzi", "tulepa" inakuwa "tulipa".

Mwisho mpe sentensi chache kutoka kitabu ambacho hajawahi kukiona. Tuseme imeandikwa "Wanafunzi walikwenda shambani kupanda mihogo." Mtoto ninayemzungumzia ataisoma hivi: "Wa... na... wana... wanafu... wanafunda... walikuwa... shamba... kupata..." kisha atakuangalia usoni. Maneno yetu ni marefu, yamejaa viambishi mbele na nyuma. Hushika mwanzo wa neno na kukisia mwisho. Akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo, kwa hiyo ukimuuliza wanafunzi walikwenda wapi, hajui.

Zingatia kasi kuliko makosa. Utafiti katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, Kijerumani kwa mfano, umeonesha kwamba watoto wenye disleksia hatimaye husoma kwa usahihi lakini polepole mno. Kwenye Kiingereza, ambacho maandishi na matamshi huachana, hufanya makosa mengi. Ndiyo maana mtoto anaweza kujivuta hadi mwisho wa shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu akaanguka vibaya anapohamia masomo ya Kiingereza sekondari. Ukimsikia mtoto anasoma kwa usahihi ila neno moja linachukua sekunde tatu nne, usitulie.

Hatua ya 4: Msomee imla

Madaftari ya shule hayatoshi, kwa sababu mengi yamenakiliwa kutoka ubaoni, na kunakili ni kuchora. Msomee sentensi tatu fupi, aandike kwa kusikia tu. Mfano, "Bibi amenunua ndizi mbivu sokoni." Akaandika:

bibi amenua didi bifu sokni

Itazame kama fundi anavyotazama injini. Katika "amenunua" silabi nzima imepotea. Katika "ndizi" na "mbivu" sauti ya puani iliyo mbele ya konsonanti imeanguka: nd, mb, ng, nj ni ngumu kwa watoto wote mwanzoni, lakini kwa hawa zinabaki ngumu miaka. Katika "mbivu" v imekuwa f, sauti mbili zinazotofautiana kidogo sana kinywani. Katika "sokoni" irabu imeachwa. Hakuna hata kosa moja hapo la uzembe. Kila kosa linaonesha mahali ambapo sauti haikushikika.

Rudia sentensi hiyohiyo kesho yake. Mtoto mwenye disleksia mara nyingi atakosea tena, ila kwa namna nyingine: "ndizi" ya jana ilikuwa "didi", leo ni "nizi", keshokutwa "dinzi". Kuyumba huko kuna maana. Mtoto anayeandika "kurara" badala ya "kulala", "zambi" badala ya "dhambi", au anayedondosha h, na akafanya hivyo kila mara bila kubadilika, anaandika lafudhi ya kwao. Huyo mfundishe tahajia tu.

Usidanganyike na maneno ya watu kwamba Kiswahili ni rahisi kuandika kwa hiyo mtoto asiyeweza ana kasoro ya akili. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya watoto katika tahajia ya Kiswahili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2003, walionesha kwamba hata lugha yenye tahajia ya kawaida namna hii si kazi ndogo kujifunza kuiandika.

Hatua ya 5: Cheza na sauti bila kitabu

Hapa penseli na karatasi viweke kando. Unataka kujua kama anaweza kulivunja neno kwa sikio.

Mwambie apige makofi kwa kila silabi: sa-ma-ki, pi-ki-pi-ki. Hii wengi huiweza. Ongeza ugumu: "Sema samaki bila ma." Jibu ni "saki". "Neno paka, ondoa p weka t." Jibu ni "taka". Watoto wa miaka 7 au 8 hufurahia mchezo huu. Wenye disleksia huchoka haraka, husema neno lolote, au huomba kwenda kucheza nje.

Watoto wa pwani wana kipimo kizuri kuliko vyote, nacho ni kinyume. Ile lugha yao ya siri ya kugeuza silabi, "meza" ikawa "zame", "chaki" ikawa "kicha", inahitaji ushike neno kichwani, ulikate, ulipange upya, yote kwa sekunde moja. Mtoto ambaye wenzake wote wanasema kinyume barazani na yeye peke yake hawezi kuwafuata anastahili kuangaliwa kwa makini. Wala hataona kama anapimwa.

Kipimo kingine ni kasi ya kutaja. Chora vitu vitano vyepesi: jua, kiti, yai, samaki, mti. Virudie kwa kuvichanganya mpaka viwe ishirini kwenye mistari minne. Atavitaja vyote haraka awezavyo, wewe ukihesabu sekunde kwa simu. Mpe mtoto mwingine wa umri wake afanye hivyohivyo. Wengi wenye disleksia hutumia muda mrefu zaidi ingawa kila kitu wanakijua. Kisha jaribu kumbukumbu ya muda mfupi: ataje namba 4-7-2-9 baada yako, au mtume dukani vitu vitatu bila kuandika, chumvi, kiberiti na sabuni. Akirudi na kimoja kila siku, andika.

Hatua ya 6: Angalia anachokiweza

Msomee hadithi ya sungura na fisi, kisha umuulize kwa nini fisi alidanganyika. Mpe hesabu ya mdomo: "Una shilingi 2,000, umenunua chumvi ya 700, chenji ngapi?" Akijibu 1,300 papo hapo, halafu hesabu ileile ikiandikwa kwa maneno anaiacha wazi, umeona pengo lenyewe. Anaelewa kwa masikio, anakwama kwenye maandishi.

Lakini pengo lisipokuwepo usimtupe. Zamani wataalamu walidai mtoto awe na akili nyingi huku kusoma kukiwa chini ndipo aitwe mwenye disleksia. Sharti hilo limeachwa. Mtoto wa uwezo wa wastani au wa chini anaweza kuwa na ugumu uleule wa sauti, na anasaidiwa kwa njia ileile.

Wasichana waangaliwe kwa namna yao. Mvulana aliyeshindwa kusoma husumbua darasa, anaitiwa mzazi. Msichana mara nyingi hunyamaza, daftari lake ni safi, mwandiko mzuri, amenakili kila kitu kwa rafiki. Hivyo wavulana hupelekwa kupimwa mara nyingi zaidi kuliko inavyostahili kulingana na tofauti halisi iliyopo kati yao. Tazama pia mtoto anayeumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi na kupona Ijumaa jioni.

Hatua ya 7: Msaidie kwa miezi sita, ndipo uhukumu

Kigezo kinachotumiwa na wataalamu ni kwamba ugumu uendelee kwa angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada uliolenga hasa tatizo lake. Kwa hiyo msaada ni sehemu ya kupima. Anza sasa, hata kama hujapata mtaalamu, maana msaada huu haumdhuru mtoto yeyote.

Tenga dakika 15 hadi 20 kila siku, siku tano kwa wiki. Ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Kata kadi kutoka maboksi, kila kadi herufi moja. Anza na zile anazozijua kweli, hata kama ni tano. Taja sauti ya herufi, usitaje jina lake. Siku moja ongeza sauti mpya moja tu: aione, aitamke, aiandike kwa kidole kwenye mchanga au unga huku akiitamka. Kisha aunganishe kadi mbili kuwa silabi, silabi mbili kuwa neno, alisome, alifunike, aliandike, alilinganishe. Usianze b na d wiki moja. Mpe b mpaka ikae, d isubiri. Konsonanti zinazofuatana kama mb, nd, ng, ny, kw zije baadaye, moja baada ya nyingine, na ng' ya "ng'ombe" iwe ya mwisho.

Maneno marefu mfundishe kuyakata kwa viambishi. "Hatukuwaambia" iandike "ha-tu-ku-wa-ambia" na umwoneshe kwamba vipande hivi ni vilevile kila mara. Ukweli huu wa sarufi yetu ni msaada mkubwa kwa mtoto wa namna hii, na nasikitika hatuutumii vya kutosha.

Kila Ijumaa ahesabiwe maneno anayosoma sahihi kwa dakika moja kutoka ukurasa wa kiwango kilekile. Tanzania iliweka maneno 50 kwa dakika kuwa kiwango cha darasa la pili kwa Kiswahili. Usitumie namba hiyo kumhukumu, maana watoto wengi wasio na disleksia hawaifikii. Linganisha Ijumaa hii na zilizopita. Akipanda kutoka maneno 8 hadi 35 kwa miezi michache, inawezekana alikosa tu kufundishwa. Akipanda kutoka 8 hadi 13 na wewe umekaa naye kila siku, sasa una ushahidi mzito.

Na kila jioni msomee wewe. Msamiati na maarifa yasisubiri mpaka ajue kusoma.

Hatua ya 8: Kaa na mwalimu

Nenda baada ya vipindi, usimkamate mlangoni darasa likiwa limejaa. Anza kwa heshima na kwa daftari lako: "Shikamoo mwalimu. Nimekuja tusaidiane kuhusu mtoto wetu. Nimemsikiliza akisoma nyumbani nikaona haya. Wewe darasani unaonaje?" Mwalimu mwenye watoto 90 akiletewa ushahidi wa wiki kadhaa, mara nyingi hulainika, kwa sababu hajawahi kupata muda wa kuupata mwenyewe.

Omba mambo machache yanayowezekana: akae mbele, asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa bila kuandaliwa, aulizwe maswali kwa mdomo, apunguziwe kunakili, na muda wa jaribio uongezwe kidogo. Kuhusu fimbo, sema wazi kwamba mtoto asichapwe kwa kukosea kusoma au kuandika. Hofu humfunga kabisa.

Hatua ya 9: Tafuta mtaalamu

Kenya kuna vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, maarufu kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984 na sasa vipo katika kaunti. Kuna pia taasisi ya elimu maalumu, KISE, iliyopo Kasarani, Nairobi. Tanzania, nenda halmashauri ya wilaya au manispaa uonane na afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Yeye anajua shule zenye vitengo na walimu waliosomea fani hiyo, wengi wao katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha. Kwa upande wa afya, omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa au ya rufaa yenye kliniki ya watoto. Mwanasaikolojia wa elimu ndiye anayeweza kufanya upimaji kamili. Ni wachache, wengi wako miji mikubwa na gharama yao si ndogo. Familia isiyoimudu isijione imeshindwa, kwa kuwa mafundisho ya hatua ya 7 ndiyo tiba yenyewe hata kwa aliyepimwa.

Beba daftari lako, imla zote zikiwa na tarehe, ripoti za shule, na majibu ya macho na masikio. Uliza maswali matatu: ugumu wake hasa uko wapi, tumfundishe vipi, na shule iandikiwe nini. Ukipewa jina la hali bila majibu ya maswali hayo, usiondoke bado.

Hakuna dawa ya kumeza ya disleksia. Miwani ya rangi na karatasi za plastiki za rangi zisikulie fedha. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa vinatibu. Kumkaririsha darasa pekee pia hakusaidii: atapewa mwaka mwingine wa kiitikio kilekile. Na wanaosema karogwa wasikilize kwa adabu, uombe dua ukitaka, lakini kesho yake jioni kadi zitoke kama kawaida.

Hatua ya 10: Mweleze mtoto

Mtoto ameshajiita mjinga muda mrefu kabla yako kugundua. Mwambie kwa maneno mepesi: "Akili unazo. Kichwa chako kinachelewa kukamata sauti za maneno, ndiyo maana kusoma kunakuwa kugumu kwako kuliko kwa wenzako. Tutajifunza kwa njia nyingine, itachukua muda, na mimi nipo." Kaka na dada zake waambiwe hivyohivyo, mbele yake, ili masihara mezani yakome. Mtafutie kila siku jambo moja analoliweza: kuchunga, kusuka, kuchora, mpira, kuhesabu mauzo ya genge, na usimnyang'anye kama adhabu ya kushindwa kusoma.

Disleksia haiishi mtoto anapojifunza kusoma. Atasoma, ila polepole, na Kiingereza kitakuja kumsumbua upya. Kwa hiyo Januari kila mwaka, wiki ya kwanza ya shule, peleka daftari lako kwa mwalimu mpya likiwa na ukurasa mmoja mbele: anachokiweza, anapokwama, njia iliyomsaidia mwaka jana, na kasi yake ya Ijumaa ya mwisho. Mwalimu wa zamani akikubali kutia sahihi chini ya ukurasa huo, yule mpya huwa hapotezi muhula mzima kuanza upya.